Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutafuta Sheria na Hukumu za Tanzania

Haya ni maswali yanayorudi kila wiki kwenye meza ya maktaba ya sheria. Wanayaleta wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mawakili wenye haraka, na mwananchi aliyeshika samansi mkononi. Majibu yanahusu Tanzania Bara, isipokuwa pale nilipotaja kwingine. Jibu likitegemea jingine, nimetaja namba yake.

## Mwanzo kabisa

1. Naanzia wapi ikiwa sijui hata jina la sheria ninayoitafuta?

Anza na tukio. Liandike kwa sentensi moja: nani kamfanyia nani nini, wapi, lini. Kwa mfano: "Mwajiri alinifukuza kazi tarehe 3 Machi bila barua, Mwanza." Maneno "mwajiri" na "kazi" yanakupeleka moja kwa moja kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366. Tarehe inakuuliza kama bado una muda.

Hilo la muda ndilo watu wanaliruka, na ndilo linaloua madai mengi kuliko ushahidi dhaifu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, kwa kanuni zilizotangazwa katika Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007. Madai ya mkataba yana miaka 6 na ya kurudisha ardhi yana miaka 12, chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Kwa hiyo tafuta ukomo kwanza, haki yako baadaye. Hakuna faida ya kuielewa haki yako vizuri siku ya thelathini na moja.

2. Sheria, kanuni, sheria ndogo na Tangazo la Serikali vinatofautianaje?

Sheria inatungwa na Bunge. Kanuni inatungwa na waziri au chombo kilichopewa mamlaka hayo na sheria, na sheria ndogo inatungwa na halmashauri au kijiji (tazama swali la 13). Tangazo la Serikali, yaani T.S. au GN, ni namba ambayo kanuni au amri inapewa inapochapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Ukiona GN yenye namba bila mwaka, mrudishie aliyekupa. Namba zinaanza upya kila Januari.

3. "Sura ya 29" na "Sheria Na. 5 ya 1971" ni sheria mbili?

Hapana, zote mbili ni Sheria ya Ndoa. Namba na mwaka ni jina la kuzaliwa, lililotoka bungeni. Sura ni mahali pake katika mkusanyiko wa sheria zote za nchi. Hukumu za zamani hutumia la kwanza na za sasa hutumia la pili, kwa hiyo unapotafuta mtandaoni jaribu yote mawili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwenye hukumu za miaka ya 1990 utaikuta kama Sheria Na. 9 ya 1985. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ni Na. 6 ya 1967.

4. Herufi "R.E." zina maana gani, na nitumie toleo lipi?

R.E. ni toleo la urekebu: sheria iliyochapishwa upya huku marekebisho yote ya hadi tarehe fulani yakiwa yameingizwa ndani yake. Kwa muda mrefu tulitumia R.E. 2002. Baadaye baadhi ya sheria zikapata R.E. 2019, nyingine R.E. 2022. Sasa lipo Toleo la Urekebu la 2023, lililozinduliwa Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2025.

Swali zuri kuliko "toleo lipi jipya?" ni "tukio langu lilitokea lini?" Kama unaandika juu ya kosa la 2017, unahitaji sheria ilivyosomeka 2017, hata kama toleo la sasa linasema vingine. Ndiyo maana maktaba haitupi matoleo ya zamani, na ndiyo maana nakasirika kidogo nikisikia ofisi imeyapeleka ya kwao kwa wauza vitumbua.

Mtego mwingine uko kwenye namba. Urekebu wa 2023 umesogeza namba za vifungu katika baadhi ya sheria. Hukumu ya 2020 ikitaja kifungu fulani, usifungue toleo jipya na kusoma namba ile ile ukidhani umefika. Linganisha maneno ya kifungu kilichonukuliwa na maneno yaliyo mbele yako. Yasipofanana, pekua vifungu vya jirani kwanza kabla hujasema kimefutwa.

Hata toleo jipya huanza kuzeeka siku linapochapishwa. Kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, na mara nyingi sheria moja au zaidi za Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Hizi zinagusa sheria kadhaa kwa mpigo, na majina yake hayakuambii ni zipi. Fungua za kila mwaka tangu toleo lako litoke, uangalie sehemu zake.

5. Nazipata wapi bure?

TanzLII, tovuti inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania, ina hukumu na sheria. Tovuti ya Bunge ina Hansadi (kumbukumbu rasmi za mijadala bungeni), miswada na sheria zilizopitishwa. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali nayo huweka sheria mtandaoni. Nakala ya karatasi yenye nguvu rasmi ni ile ya Mpigachapa Mkuu wa Serikali.

Tahadhari ni moja: faili la PDF lililosambazwa kwenye kundi la WhatsApp, lisilo na ukurasa wa kwanza, si chanzo. Huwezi kujua ni toleo la mwaka gani, wala kama ni sheria au muswada uliobadilishwa kamatini kabla haujapita.

6. Kwa nini sheria nyingi ni za Kiingereza wakati mahakamani tunazungumza Kiswahili?

Sheria Na. 1 ya 2021 ilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Lakini mzigo uliotangulia ni mkubwa, na hukumu za miongo mingi iliyopita zitabaki katika Kiingereza zilimoandikwa. Tafuta kwa lugha zote mbili. Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiandika Kiswahili siku zote, na Hansadi za Bunge ni Kiswahili. Hapo ndipo pa kusoma nini kilikuwa kichwani mwa wabunge walipopitisha kifungu kinachokusumbua.

## Hukumu

7. Mahakama ipi inaifunga ipi?

Kutoka juu: Mahakama ya Rufani, Mahakama Kuu, Mahakama za Hakimu Mkazi na za Wilaya, kisha Mahakama za Mwanzo. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga zote zilizo chini, yaani lazima ziufuate. Uamuzi wa jaji wa Mahakama Kuu unawafunga mahakimu, lakini jaji mwenzake anaweza kuona vingine. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianza 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika 1977. Kabla ya hapo rufaa za mwisho zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki.

8. Nimeandika swali langu TanzLII, yamekuja matokeo elfu. Nifanyeje?

Usiandike swali, andika maneno ambayo jaji angeyatumia. Tuseme unataka kujua kama mama wa nyumbani ana haki ya mgawo wa mali ndoa ikivunjika. Ukiandika "haki za mama wa nyumbani" hupati kitu cha maana. Weka "matrimonial property" ndani ya alama za nukuu ili maneno yasitenganishwe, ongeza "domestic", chuja mahakama iwe ya Rufani peke yake, kisha panga kwa tarehe kuanzia ya karibuni.

Fungua hukumu mbili tatu za juu, uone zote zinarudi kwa nani. Utakutana na Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, [1983] TLR 32 (tazama swali la 9), ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Sasa una mzizi. Rudi kwenye kisanduku cha kutafutia, andika jina hilo, usome waliolitumia baada ya 1983. Hapo ndipo utaona majaji waliokuja nyuma wanavyopima mchango huo na ushahidi wanaoutaka.

Majina yana vituko vyake. Hukumu nyingi zimeingizwa kwa kuskaniwa, na makarani hawaandiki majina kwa namna moja: Mohamed au Mohammed, Sefu au Seif. Jina likikataa, tafuta kwa namba ya shauri na mwaka.

9. TLR, EA, EACA, HCD, TZCA: nazisomaje?

Chukua [1969] EA 696. Mwaka ni 1969, kitabu ni ripoti za Afrika Mashariki, ukurasa ni 696. Hiyo ni Mukisa Biscuit, kesi iliyotoka Uganda, na mpaka leo ndiyo wakili wa Tanzania anayoisimamia anapojadili pingamizi la awali (hoja ya kisheria inayotaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa) ni kitu gani. EACA ni ripoti za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki za kabla ya hapo. HCD ni muhtasari wa maamuzi ya Mahakama Kuu wa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Kwa kuwa ni muhtasari, usinukuu maneno yake kana kwamba ni ya jaji. TLR ni ripoti za Tanzania.

TZCA na TZHC ni mtindo mpya usiotegemea kitabu chochote: mwaka, kifupi cha mahakama, namba ya uamuzi. TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu, na divisheni zake zina herufi za ziada. Ukiona "haijaripotiwa" usidhani hukumu ni dhaifu. Maana yake haikuingia kwenye kitabu tu. Uzito wake unatokana na mahakama iliyoitoa.

10. Nitajuaje kama hukumu au kifungu bado kina uhai?

Kwa maoni yangu hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu, na ndilo linaloulizwa mara chache zaidi. Hatuna chombo cha bure cha kukuwekea alama nyekundu juu ya hukumu iliyotenguliwa. Kazi hiyo ni yako.

Mfano wa hukumu: Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kadhaa, kinapingana na Katiba. Wengi waliihifadhi hukumu hiyo. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani, katika Mwanasheria Mkuu dhidi ya Dickson Sanga, ikaitengua. Aliyeshika ya Mei bila kutafuta ya Agosti alisimama kizimbani na karatasi tupu.

Mfano wa kifungu: Sheria ya Ndoa ilisema msichana anaweza kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana 18. Mahakama Kuu mwaka 2016 iliona vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Na. 204 ya 2017, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Rebeca Gyumi, ikakubali na kuipa Serikali mwaka mmoja irekebishe. Mwanafunzi aliyefungua kitabu cha sheria mwaka 2020 na kukinukuu kifungu cha 13 kama kilivyo alinukuu maneno sahihi, akatoa jibu lisilo sahihi.

Kwa hiyo fanya mambo mawili kila mara. Tafuta jina la hukumu yako uone nani kaitaja baadaye, na kama ni ya Mahakama Kuu, tafuta wahusika hao hao kwenye Mahakama ya Rufani. Kisha tafuta namba ya kifungu chako pamoja na neno "unconstitutional".

11. Maamuzi mawili ya Mahakama ya Rufani yanagongana. Nifuate lipi?

La karibuni, isipokuwa lile la zamani lilitolewa na jopo kamili la majaji watano. Kabla ya kusema yanagongana, soma tena mazingira ya kila kesi. Mara nyingi moja lilihusu kifungu kabla hakijarekebishwa.

12. Naruhusiwa kutumia hukumu za Kenya, India au Uingereza?

Ndiyo, kama ushawishi. Hazifungi. Kila moja ina sababu yake, na hakimu akiijua sababu atakusikiliza vizuri zaidi.

India ni kwa sababu ya undugu wa sheria. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ni binti wa ile ya India ya 1872. Sheria ya Ushahidi na ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai nazo zina damu hiyo hiyo. Ndiyo maana majaji wetu wanawanukuu Mulla na Sarkar, waandishi wa vitabu vya sheria vya India. Lakini India ilibadilisha sheria yake ya ushahidi kuanzia 1 Julai 2024, hivyo angalia hukumu yako inatafsiri ipi.

Uingereza ni kwa sababu ya Sura ya 358 (Judicature and Application of Laws Act), inayopokea misingi ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pale sheria zetu zinapokuwa kimya na kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Kenya ni jirani mwenye tovuti nzuri, Kenya Law. Ila Katiba yao ya 2010 ina vipengele ambavyo yetu haina, kwa hiyo kwenye haki za binadamu linganisha ibara kwanza.

## Yasiyo kwenye kitabu kikubwa

13. Mgambo amenitoza faini kwa "sheria ndogo". Naionaje?

Omba namba ya T.S. iliyoandikwa kwenye stakabadhi, au nenda ofisi ya mwanasheria wa halmashauri ukaombe nakala. Halmashauri za wilaya hutunga kwa mamlaka ya Sura ya 287, za miji Sura ya 288, na za ushuru na ada hutegemea Sura ya 290. Angalia vitu vitatu: kama ilichapishwa kwenye Gazeti la Serikali, kama eneo lako limo, na kama kiwango ulichotozwa ndicho kilicho kwenye jedwali. Cha tatu kinashangaza watu mara nyingi.

Sheria ndogo za kijiji ni habari nyingine. Hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kwa hiyo usizitafute mtandaoni. Omba muhtasari wa kikao na barua ya kuidhinisha.

14. Sheria za mila zimeandikwa popote?

Baadhi. Matangazo ya Serikali Na. 279 na 436 ya 1963 yaliandika mila za makabila yenye mkondo wa ukoo wa baba, la pili likihusu urithi. Yasome, kisha yapime kwa swali la 10. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ilikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, ikisema inapingana na haki zilizo kwenye Katiba. Mila isiyoandikwa inathibitishwa kwa mashahidi, wala si kwa mzee mmoja kusema "kwetu ndivyo".

Urithi, kwa njia, hauna sheria moja. Kuna mila, kuna sheria ya Kiislamu, na kuna Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo, amini usiamini, bado ina kazi kwetu. Ipi inatumika inategemea marehemu aliishi vipi.

15. Zanzibar je?

Ina Baraza la Wawakilishi, Mahakama Kuu yake, Mwanasheria Mkuu wake na sheria zake. Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo Sura ya 113 (Sheria ya Ardhi) haihusiki Unguja wala Pemba. Mahakama ya Rufani husikiliza rufaa kutoka Zanzibar, lakini tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mambo yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi hayafiki huko.

16. Mahakama mbili zilizopo Arusha zinanihusu?

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki inahusu Mkataba wa Jumuiya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imetoa maamuzi mengi dhidi ya Tanzania, mojawapo likiwa la Ally Rajabu la Novemba 2019 kuhusu adhabu ya kifo ya lazima. Mwezi huo huo Serikali ilitangaza kuondoa tamko lililoruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko moja kwa moja. Maamuzi ya nyuma bado yanafaa kusomwa na kunukuliwa kama ushawishi.

## Mambo ya pembeni

17. Programu ya akili mnemba imenipa kesi tano nzuri. Nizitumie?

Tafuta kila moja TanzLII kwa namba. Isiyoonekana, uliza masjala. Isiyojulikana na masjala haipo. Mwaka 2023 mawakili wa New York katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca walitozwa dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Tumia zana hiyo kupata maneno ya kutafutia. Jina la kesi lisilo na hukumu nyuma yake halikusaidii, hata likisikika la Kitanzania kiasi gani.

18. Hukumu yangu haipo mtandaoni.

Za Mahakama za Mwanzo na nyingi za Wilaya hazipo. Andika barua kwa hakimu mfawidhi, au kwa Msajili ikiwa ni Mahakama Kuu, ukitaja namba ya shauri, wahusika na tarehe ya hukumu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo unaweza kuja kukusaidia kuelezea ucheleweshaji ukikata rufaa, kwa hiyo usiombe kwa mdomo.

19. Hukumu ninayoitafuta ina herufi tupu mahali pa jina.

Jina limefichwa kumlinda mtoto au mhanga wa kosa la kujamiiana. Tafuta kwa namba ya rufaa. Ukiipata na kumtambua mhusika, usimtaje kwenye andiko lako, hata kama kijiji kizima kinamjua.

20. Basi niambie tu, nitashinda?

Mkutubi anakuonyesha sheria ilipo na jinsi ya kujua kama ina uhai, hakushauri juu ya shauri lako. Kwa ushauri, nenda kwa wakili, na kabla hujalipa thibitisha jina lake kwenye orodha ya mawakili ya mtandaoni ya Mahakama. Huna uwezo wa kulipa? Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii wilayani kwako wako wapi. Nenda na sentensi yako ya swali la 1 ikiwa imeandikwa, na nyaraka zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe.